Ndui ya Mwaka Huu

Jumatatu, 21 Februari 1944

Nimeamka, nimeoga, nimeswali, nimekaa. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Kukaa. Tangu mume wangu Athumani afariki mwezi uliopita nimo edani, humu nyumbani kwetu Kuze. Bila wanja, bila marashi, bila mguu kuvuka kizingiti. Dirisha nafungua nusu.

Wifi Saada, dadake marehemu, ndiye mpishi. Mkono wake wa chumvi haujanyooka tangu usichana wake. Leo mchuzi umetushinda, tumekula wali mkavu na ndizi. Rukia mwanangu amehamia hapa na kitoto chake Shamsa ili nisikae peke yangu. Mumewe, Hemedi, yuko jeshini, dereva wa lori. Nchi gani, hatujui.

Naandika kwa sababu mchana ni mrefu na mimi si mtu wa kunyamaza. Baba alinifundisha kuandika, mama akamgombeza. Leo namwombea baba.

Mama Zarina, Mhindi wa nyumba inayotazamana na yetu, amenambia kupitia dirishani kwamba ndui imerudi. Nikamwambia hiyo si habari. Mwaka jana ilikuja ikapita na adabu zake. Homa kidogo, vipele vichache, mtu akarudi sokoni.

Ijumaa, 25 Februari

Wageni wa rambirambi hawajesha. Mjane hafungi mlango, na kila anayeingia ana ndui yake ya kusimulia. Mmoja anasema imeshuka Kilindini na meli ya askari. Mwingine anasema imeingia na malori, kwa Makupa. Wa tatu anasema ni ile ile ya mwaka jana, watu wana hofu ya vita tu. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Nilisahau kwamba mimi ndiye mfiwa.

Jambo moja limenikaa. Nyumba moja ya wapangaji karibu na soko imeugua yote, chumba kwa chumba. Mwaka jana haikuwa hivyo. Mwaka jana binti wa jirani alilala mkeka mmoja na dadake mgonjwa na hakupata hata kipele.

Rukia amecheka. Ati watu wa Mombasa wakipewa kimoja watarudisha kumi. Anacheka kama babake, kichwa nyuma. Mtoto alikuwa ziwani akinyonya, naye akacheka.

Alhamisi, 2 Machi

Leo mchanjaji. Bwana Petro, mtu wa bara, sauti ya upole; dirishani nimeona kaptula na soksi ndefu. Amepita kichochoro kizima akigonga. Kwetu ikawa kazi. Mimi nimo edani, mwanamume wa kando hanioni. Rukia na Saada nao hawako tayari kumtolea uso mtu wasiyemjua. Basi ikafanywa kama nyumba nyingine zote za huku. Pazia mlangoni, yeye ukumbini, sisi ndani. Mkono unatoka, jina linatajwa, anachanja, mkono unarudi.

Mimi nilitoa wa kwanza. Anakwaruza na sindano juu ya tone la dawa. Nimeona makubwa zaidi. Kisha nikampeleka Shamsa, nikampitisha mkono wake mdogo. Alilia kilio cha kuuawa. Nikaingia naye chumba cha ndani kumbembeleza. Saada akabaki paziani na Rukia wamalize.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kwa nyuma ya pazia, hii ndui ya mwaka huu ni ipi. Akasema, "Mama, hii si ile. Ile ilikuwa inatembea, hii inakimbia. Zaidi ya hapo sijui. Naambiwa nichanje, nachanja."

Ametuachia vyeti vinne. Saada ameviweka ndani ya msahafu.

Jumapili, 5 Machi

Mkono umevimba na unawasha. Mtoto ana homa ndogo, anataka kubebwa usiku na mchana. Saada analalamika mikono yote miwili, hawezi kuinua sufuria. Nimemwambia nimeona wavivu lakini huyu ni mpya, amechanjwa mmoja anaugulia miwili. Hakucheka. Akatoka kwenda jikoni.

Rukia hana hata uwekundu, yeye amejifunika buibui la uvivu, analala na mtoto. Ngozi ya babake, hiyo. Mbu mwenyewe alikuwa akimpita.

Jumatano, 8 Machi

Jana usiku Maulidi, nyumba ya tatu kutoka hapa. Wanawake juu, wanaume chini na barazani. Nimeisikiliza dirishani peke yangu nikalia kidogo, kwa sababu kila mwaka Athumani alikuwa akirudi na halua kwenye leso. Rukia amekwenda. Mimi ndiye niliyemwambia nenda, tangu lini msichana akakaa na mjane mwezi mzima. Mtoto kabaki na mimi.

Amerudi ananukia udi. Kasema watu walijaa mpaka ngazini, madirisha yamefungwa kwa ajili ya amri ya giza ya vita. Mwanamke mmoja, mgeni wa watu, alipatwa na homa katikati ya kisomo. Akashikwa akalazwa pembeni, wakampepea, kisomo kikaendelea. Rukia alikaa mlangoni, upande wa pili wa chumba. Hata uso wake hakuuona sawasawa.

Jumamosi, 11 Machi

Yule mwanamke ni ndui. Amechukuliwa jana.

Waliompepea wameambiwa wakae majumbani mwao. Rukia hakuambiwa kitu, hakuwa karibu. Nimemuuliza tena alikaa wapi. Mlangoni, Mama. Nimemuuliza alikunywa kikombe cha nani. Amekasirika, kanambia yeye si mwari. Basi. Amechanjwa, cheti kipo. Nimejitia hofu bure.

Saada leo hali chakula. Nikimtazama anatazama chini.

Alhamisi, 16 Machi

Wawili wa wale waliompepea wana homa. Na mwenye nyumba. Na msichana aliyekuwa akigawa kahawa kule chini kwa wanaume, ambaye hakupanda juu hata mara moja.

Hilo la msichana wa kahawa limeninyima raha. Ndui naijua. Nilipokuwa mdogo mamangu mkubwa aliiugua, naikumbuka harufu. Lakini ndui ya zamani ilimtafuta mtu. Ilitaka ulale naye, umwoshe, uvae nguo yake. Hii inashuka ngazi yenyewe. Inapita wapi? Kwenye pumzi? Kwenye nguo? Kwenye waya wa taa? Namuuliza kila anayekuja na kila mmoja ananijibu kwa yakini, na majibu hayafanani.

Wageni wamepungua. Kwanza nilifurahi. Leo nimewatamani hata wale waongo.

Jumapili, 19 Machi

Rukia ana homa.

Jumatatu, 20 Machi

Kiuno, mgongo, kichwa. Ametapika mara nyingi. Anasema ni malaria, na mimi nasema ni malaria, na Saada anakoroga uji akilia. Nimemuuliza analia nini, malaria hajaiona? Kanijibu moshi.

Nimemnyang'anya Rukia mtoto. Alipiga kelele. Maziwa yamemjaa, yanamuuma, mtoto anayasikia harufu na kulia ukuta wa pili. Nimekaa katikati ya vilio viwili na sikuweza kutuliza hata kimoja.

Jumatano, 22 Machi

Vipele. Usoni kwanza, halafu mikononi. Nimeviona asubuhi, nilipomfuta jasho. Vidogo, vigumu chini ya ngozi, kama mtu kafukia punje za mtama.

Nimejiambia amechanjwa, itakuwa nyepesi. Nimejiambia mara nyingi sana leo.

Saada amekwenda kukata majani ya mgomba uani kwa jirani, tumemtandikia alale juu yake. Godoro linamchoma. Mama Zarina ameuliza dirishani mbona kimya. Nikafunga dirisha. Sijawahi kumfungia dirisha tangu nimeolewa nyumba hii.

Alhamisi, 23 Machi

Wamekuja. Nani kasema, sijui. Bwana Petro, mkubwa wake, askari wawili, machela.

Nilitoa cheti kutoka kwenye msahafu, nikakipitisha paziani kama upanga. Amechanjwa huyu, mwacheni nyumbani. Bwana Petro akakisoma. Akaomba radhi, akaomba auone mkono. Saada akaingia baina yetu, akasema hapana, haiwezekani, mtoto wa watu haonwi mkono. Petro akasema ataangalia kovu tu. Rukia mwenyewe ndiye aliyefunua bega. Hakuwa na nguvu ya kubishana.

Hapana kovu. Kulia hapana. Kushoto hapana. Ngozi safi, na vipele.

Petro alitazama cheti, akatazama bega. Alisema, "Mimi nilichanja mikono minne hapa."

Wamemfunika shuka wakamteremsha. Nilivuka kizingiti. Nilifika barazani, kichwa wazi, mjane wa edani mbele ya kichochoro kizima, na askari akanyoosha mkono kunizuia bila kunigusa. Rukia akanambia, "Rudi ndani, Mama, watu wanakuona." Hayo ndiyo aliyoyasema.

Gari limempeleka karantini, ng'ambo, bara. Wamechoma kanga zake zote na mkeka na mto. Wametia alama ya chokaa mlangoni. Hatutoki na hapana wa kuingia. Askari mmoja amekaa barazani petu, pale alipokuwa akikaa Athumani.

Ijumaa, 24 Machi

Sikumuuliza Saada. Alikuwa akimwosha mtoto kwenye karai, mikono ya gauni kaikunja mpaka juu. Kovu kulia. Kovu kushoto. Yote mawili yana gamba bado.

Nilisimama nikayatazama. Aliona ninapotazama. Hakuteremsha gauni.

"Nalimuhurumia, wifi," kasema. "Alinishika miguu. Watu walimwambia chanjo hukausha maziwa. Akanambia, shangazi nisitiri, mwanangu atakula nini, babake hayupo. Nikamwambia haya, sema jina lako, mimi ntatoa mkono."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sauti ya Rukia, mkono wa Saada. Mchanjaji anaona mkono, haoni mtu. Na mimi chumba cha ndani nambembeleza mtoto.

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia hakuzaa, ndiyo maana. Hilo naliandika. Akamtoa mtoto majini, akamkausha vidole, kimoja kimoja.

Yeye ndiye aliyempokea Rukia alipozaliwa. Rukia alijifunza kutembea akishika kanga yake. Nimchukie vipi, na nisimchukie vipi? Tumefungiwa nyumba moja.

Na hiyo hofu ya maziwa, nani hana? Hata mimi niliisikia. Ingekuwa ndui ya mwaka jana, mkono wa Saada usingemdhuru mtu. Rukia angeugua kidogo, tungemcheka. Watu walifanya mahesabu ya ndui wanayoijua.

Jumapili, 26 Machi

Shamsa hataki chupa. Hataki kijiko. Ananusa kifua changu na kugeuza uso. Mama Zarina ameteremsha kikapu kwa kamba mpaka kichochoroni, ndani chupa ya maziwa ya mbuzi, bado ya moto. Askari kakisukuma kwa rungu mpaka mlangoni petu. Nilifungua dirisha nikamwambia Mama Zarina anisamehe. Akanambia, "Nywesha mtoto kwanza, maneno baadaye."

Amekunywa nusu. Kalala akipiga kwikwi.

Maziwa ya Rukia yatakuwa yamekauka huko aliko. Nalifikiri hilo na nataka kupiga kichwa ukutani.

Shekhe wa msikiti wetu amekuja akasimama chini ya dirisha. Nilimuuliza: nikitoka kwenda kwa mwanangu mgonjwa, nitakuwa nimevunja eda? Akasema dharura ni dharura, Mwenyezi Mungu ni mwenye huruma, nenda. Nikamshukuru. Nikateremka. Askari akasimama.

Shekhe ameniruhusu. Askari hakuniruhusu. Nimerudi juu.

Jumanne, 28 Machi

Mimi mzima. Saada mzima. Mtoto mzima, kovu lake dogo limekauka vizuri. Kila asubuhi nafunua migongo yetu, natafuta. Hapana kitu. Dawa ni kweli basi. Tone moja na mkwaruzo wa sindano.

Wengine si wazima. Nasikia vilio, navihesabu kwa upande vinakotoka. Kichochoro kimekuwa kimya mchana, hata wauza maji hawapiti. Wamechanja tena, wanawake wanatoka wenyewe sasa, bila pazia, wanakunja mikono barazani. Haraka hiyo ingekuja mwezi mmoja nyuma.

Na Saada sijasema naye. Anapika, naweka chumvi yangu.

Alhamisi, 30 Machi

Bwana Petro amekuja kututazama. Leo sikuweka pazia. Kama ni dhambi iandikwe. Nilimtazama usoni nikamuuliza mwanangu yu hali gani. Ni kijana kuliko sauti yake.

Kasema yu hai. Kasema vipele vimekutana. Niliuliza maana yake nini, akatazama viatu. Nilijua maana yake. Mamangu mkubwa vyake havikukutana, ndiyo maana aliishi.

Nilimwomba ampelekee salamu. Mwambie mtoto anakunywa. Mwambie amenenepa, mwambie ana mashavu. Saada akatoka nyuma yangu akasema, "Mwambie shangazi yake anamwomba radhi." Nikamgeukia. Nilitaka kumkemea, nikaona alivyokonda, shingo imekuwa kijiti.

Nikamwambia Petro, mwambie hilo pia.

Nimemuuliza Petro kwa nini hii inakwenda mbio hivi. Kaniambia wakubwa zake nao wanaulizana. Wengine wanasema imetoka Bara Hindi, wengine wanasema Sudani. Kwamba ndui si moja, ziko namna kwa namna, na huijui ni ipi mpaka imekwisha kuingia chumbani. Hakunificha kitu. Ningependa angenificha.

Jumapili, 2 Aprili

Amefariki jana alfajiri.

Petro alibisha mlango na kofia mkononi, nami nikajua, nikamwambia usiseme, akangoja, kisha akasema.

Wamemzika huko huko. Wagonjwa waliopona wamesimama kumswalia, Waislamu, watu watano, majina yao hayajui. Maji hawakummwagia, ngozi isingestahimili, walimtayamamia kwa udongo. Sanda ilipatikana. Niliuliza hilo la sanda mara mbili, kwa kuwa nguo hazipatikani mjini. Ilipatikana.

Salamu zilimfika? Zilimfika, Mama. Alisema nini? Koo lilikuwa limefunga. Alitikisa kichwa.

Kutikisa kwa ndiyo au kwa la? Petro hakujua. Hakuwa amefikiri kuuliza.

Saada ameanguka ukumbini. Nimemnyanyua mimi. Nani mwingine? Nimemlaza kitandani kwangu nikamfunika, na usiku kucha ameshika mkono wangu, nami nimemwachia.

Jumatano, 5 Aprili

Siku ya tatu imekwisha. Hatukufanya matanga, mlango una chokaa. Mama Zarina alikaa dirishani pake jioni zote tatu, amejitanda nyeupe, akaondoka Isha.

Leo Shamsa ameshika kijiko mwenyewe. Amejipaka uji mpaka masikioni. Saada alicheka kisha akaziba mdomo. Nikamwambia cheka, mtoto anataka uso wa kutazama. Mchuzi wake wa leo haukuwa na chumvi kabisa. Nimeula.

Hemedi tutamwandikia kesho. Saada anasema aandike yeye, hajui kuandika, basi atasema na mimi nitaandika.

Mume hukaliwa eda miezi minne na siku kumi. Mwana siku tatu. Ndivyo sheria ilivyo na mimi siibishi. Bado niko ndani mpaka mwisho wa Mei, na nguo nyeupe, na dirisha nusu. Watakaokuja watasema maskini, anamkalia Athumani. Sitawasahihisha.